Mtego usiuchome, sakafu ndiyo uioshe

SWALI: "Nina stoo ya mahindi na mpunga hapa Ifakara, imepakana na chumba wanacholala wanangu. Chini kuna vipanya vidogo vya kijivu, juu ya dari kuna panya wakubwa wenye mikia mirefu. Nikinasa mmoja, siku tatu nne hakuna anayeugusa mtego. Jirani anasema panya huachiana harufu ya kuonyana, kwa hiyo kila nikinasa niuchome mtego kwenye moto. Mwingine kaniambia niweke mkojo wa paka, na kuna kijana sokoni ananiuzia chupa anayosema ina feromoni ya kufukuza panya. Mwaka jana niliwamaliza kabisa. Baada ya mwezi wakaja wengine na wakapita njia zile zile, kama walioelekezwa. Kinachoniumiza zaidi ni mwanangu wa miaka saba: ana pumu, na tangu panya wazidi anakohoa usiku na kupiga chafya asubuhi. Je, kweli panya wanaambizana? Na harufu yao inaweza kumdhuru mtoto?"

JIBU: Dada yangu, pole na mwanao. Nimelisoma swali lako mara mbili. Umeleta mashtaka mawili, la panya kurudi njia zile zile na la mtoto kukohoa, ukayaweka mbalimbali kama vile hayajuani. Mshtakiwa ni mmoja. Kitu kinachomwambia panya mgeni kwamba hapa wenzake wameishi ndicho hicho hicho kinachoweza kukisumbua kifua cha mwanao: protini iliyomo kwenye mkojo wa panya. Ukishaielewa hiyo, habari ya mtego, ya paka na ya ile chupa ya sokoni itakuwa nyepesi.

Nitangulize jambo moja. Mimi ni mtu wa wanyama waharibifu, si daktari wa watoto. Panya nitakueleza kwa kirefu. Mtoto nitakuambia umpeleke wapi na lini.

Mtu akipimwa mkojo ukakutwa na protini nyingi, daktari hushtuka na kuanza kuulizia figo. Kipanya dume wa nyumbani, huyo wa kijivu unayemwona chini ya magunia, mkojo wake una protini tele kila siku ya maisha yake na yeye ni mzima kabisa. Haivuji kwa bahati mbaya. Ini linaitengeneza, inaingia kwenye damu, figo zinaiachia ipite, naye anaimwaga sakafuni tone kwa tone. Fikiria mnyama wa gramu 20 hivi, anayehangaika usiku kucha kutafuta punje, anakubali kupoteza chakula kizuri namna hiyo ili aandike sakafu. Basi anachokiandika si cha mzaha.

Protini yenyewe ina umbo la pipa dogo lenye uwazi katikati. Ndani ya uwazi huo hukaa molekuli nyepesi za harufu, ambazo zikiachwa peke yake zingepeperuka upesi. Unajua akina mama wa pwani wanavyochovya pamba kwenye marashi wakaichomeka kabatini katikati ya kanga? Tone la marashi juu ya ngozi halifiki jioni, lakini kwenye pamba linanukia siku nyingi. Protini ya mkojo wa panya ndiyo pamba. Mkojo unakauka, protini inabaki imegandamana na ubao au saruji, na harufu inatoka kidogo kidogo. Hata harufu nyepesi zikiisha zote, lile pipa tupu bado linasomeka.

Linasomwaje? Mchunguze kipanya siku utakayempata kwenye kizimba akiwa hai. Anasimama, anashusha kichwa, anagusisha pua na kitu huku masharubu yakitikisika, anakaa hapo kitambo. Hanusi tu kama sisi tunavyonusa mchuzi. Kwenye sakafu ya pua yake, upande huu na upande huu wa ukuta wa katikati, kuna mirija miwili myembamba inayoitwa kiungo cha Jacobson, kwa jina la daktari wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Mishipa ya damu iliyo kando ya mirija hiyo hutanuka na kusinyaa kama pampu na kuvuta majimaji ya puani ndani. Ndiyo maana protini nzito, isiyoruka hewani yenyewe, inamfikia kwa kugusa. Sisi binadamu tumebaki na masalia tu ya kiungo hicho, na jeni yetu ya kutengeneza protini za aina hii ilikufa zamani. Kwa hiyo usijaribu kuamua kwa pua yako kama stoo "imeisha kunuka". Unachonusa wewe ni uvundo tu, maandishi huyaoni.

Na maandishi hayo yana jina la mwandishi. Kipanya wa nyumbani ana jeni zipatazo 21 za kutengeneza protini hizi, na kila mmoja huchanganya kwa namna yake. Mwaka 2001 Jane Hurst na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba vipanya hutambuana mmoja mmoja kwa mchanganyiko huo, kama mtu na mhuri wake. Dume mwenye ubabe hudondosha matone kila mahali anapopita. Dume aliyeshindwa hukojoa pembeni, kwenye kona, kimya kimya. Mwaka 2010 kundi hilo hilo likaitenga protini moja ya dume wakaiita darsini (usiichanganye na mdalasini), ambayo jike akiigusa humvutia kwa dume yule. Kisha mwaka 2012 wakagundua jambo linalokuhusu wewe hasa: jike akikutana na alama yenye darsini kwa dakika 10 tu, hukariri mahali ilipokuwa na kuendelea kupapendelea kwa siku 14, hata alama yenyewe ikiwa haipo tena.

Isome tena sentensi hiyo huku ukiifikiria stoo yako.

Mkojo si kalamu yao pekee. Wana tezi za harufu karibu na uume, wana mafuta ya ngozi ya ubavuni, na wana machozi. Watafiti wa Japani waliripoti mwaka 2005 kwamba tezi ya machozi ya kipanya dume hutoa protini ndogo inayoingia kwenye kiungo kile kile cha jike. Baadaye ikaonekana kwamba inamlainisha jike akubali kupandwa. Dume humtongoza jike kwa machozi! Nikiwaeleza wanafunzi hili, darasa zima hucheka, wasichana zaidi. Kuna pia athari isiyochekesha: harufu ya mkojo wa dume huwafanya majike wachanga wapevuke mapema. Kwa hiyo sakafu iliyokojolewa na dume mmoja haiiti wageni tu, inaharakisha uzazi wa waliomo.

Hao wakubwa wa darini ni jamii nyingine. Utafiti mwingi umefanywa kwa kipanya wa nyumbani na kwa panya wa maabara, lakini madume ya panya wakubwa nao hutoa protini za ukoo huo huo kwenye mkojo. Zaidi ya hapo, wao hupaka mafuta. Angalia boriti na sehemu ya ukuta wanapopenya kuingia darini: utaona mstari mweusi unaong'aa, kama pale mikono ya watoto inapogusa fremu ya mlango kila siku. Ni mafuta ya manyoya yaliyochanganyika na uchafu. Ndiyo barabara yao, na panya mgeni huifuata bila kuuliza.

Hapo ndipo lilipo jibu la kurudi kwao. Mwaka jana uliwamaliza wenye nyumba, lakini hati zao za nyumba uliziacha ukutani. Mavuno yalipotoka shambani na panya wa nje wakaanza kutafuta pa kuingia, hawakuhitaji kuelekezwa na mtu. Walikuta njia imechorwa, tundu lipo wazi, chakula kimejaa.

Ukitaka kuyaona kwa macho, kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara huenda una ile taa ya kukagulia noti bandia, yenye mwanga wa zambarau. Subiri usiku, zima taa zote za stoo, uimulike sakafu kwa ukaribu, hasa pale inapokutana na ukuta. Mkojo mkavu wa panya hung'aa weupe wenye ubuluu hafifu: matone madogo yaliyofuatana mstari mmoja, mengine yamekokotwa kidogo kama mkia wa nukta, na penye mkusanyiko mkubwa kuna kama vichuguu vidogo vya mkojo, vumbi na mafuta vilivyogandamana. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye ghala la watu nilinyamaza kimya. Mchana lilikuwa ghala safi. Tahadhari moja: sabuni ya unga nayo hung'aa kwenye mwanga huo, kwa hiyo kagua kabla ya kuosha, na weka alama ya chaki kila unapoona.

Sasa mtego. Jirani yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopoteza watu. Ni kweli panya aliyeshtuka hutoa harufu ya hofu. Watafiti wa Japani walizitambua mwaka 2014 molekuli mbili zinazotoka sehemu za nyuma za panya mwenye hofu, ambazo zikichanganyika huwafanya wenzake wawe na wasiwasi. Lakini hizo ni molekuli nyepesi, huruka na kupotea. Hazina pamba. Kinachobaki kwenye mtego baada ya hapo ni mkojo na mafuta ya panya, na kwa kipanya mdogo hiyo mara nyingi ni sababu ya kuusogelea. Wanaotega kwa ajili ya utafiti wanajua kwamba mtego ulionasa jana huweza kunasa vizuri kuliko mpya kutoka dukani. Ukiuchoma, unaunguza chambo bora uliyopewa bure.

Kwa nini basi siku tatu nne hakuna anayeugusa? Kwa hao wakubwa, sababu ni woga wa kitu kipya. Panya mkubwa akikuta kitu ambacho jana hakikuwepo, hata kiwe na dagaa juu yake, hukizunguka siku kadhaa. Kila ukiuchoma mtego, ukaurudisha unanuka moshi na pengine mahali pengine, umemletea kitu kipya upya. Wewe mwenyewe unaianzisha hofu tena kila mara. Fanya hivi: uweke mtego pale kwenye njia yake, umegusana na ukuta, wenye chambo lakini haujategwa. Mwache ale bure usiku tatu, nne. Akishauzoea, utege. Kwa chambo, nazi iliyochomwa au karanga iliyopondwa hufanya kazi vizuri kuliko jibini la kwenye vibonzo. Weka mitego mingi usiku mmoja, kwa sababu mtego mmoja hukamata yule jasiri tu, waliobaki ni wale waoga tangu mwanzo, halafu tunasema wameonywa.

Na kuambizana kuhusu sumu? Hapa nitakushangaza. Mtafiti wa Kanada, Bennett Galef, alitumia miaka mingi kuchunguza panya wanavyojifunza chakula. Mwaka 1988 yeye na wenzake walionyesha kwamba pumzi ya panya ina gesi iitwayo kaboni daisalfaidi. Panya akinusa mdomo wa mwenzake, harufu ya chakula ikija pamoja na gesi hiyo, anajifunza kwamba chakula hicho kinalika, naye atakitafuta. Kwa hiyo wanaambizana kweli, ila wanachoambizana ni "hiki chakula". Hata mwenzake akiwa mgonjwa kwa kula kitu, panya bado hukipenda kile alichokinusa mdomoni mwake. Anayekikataa ni yule aliyekula kidogo, akaugua, akapona. Huyo hatakigusa tena. Ndiyo sababu sumu zilizobuniwa kwa akili huua taratibu, baada ya siku kadhaa, panya asije akahusisha maumivu na chambo.

Kwa kuwa nimegusa sumu: vile vipakiti visivyo na lebo vinavyouzwa mkononi usivipeleke nyumbani. Nyingine ni dawa kali za kilimo zilizofungwa upya, na kwenye nyumba yenye watoto na nafaka ya kuuza hiyo ni hatari kubwa kuliko panya.

Tuje kwa paka. Wazo la mkojo wa paka lina msingi wake. Mwaka 2010 watafiti wa California walionyesha kwamba vipanya wa maabara, ambao vizazi na vizazi hawajaona paka, hukimbia wakigusishwa protini moja ya mate ya paka, na pia protini ya mkojo wa panya mkubwa. Ni ndugu wa zile zile protini za pipa. Kipanya huisoma harufu ya adui kwa kiungo kile kile anachosomea wenzake. Lakini kuna mambo matatu. La kwanza, harufu ya paka bila paka huzoeleka. Baada ya siku chache kipanya anagundua kwamba ni kelele tupu. Waliosema paka akiondoka panya hutawala waliliona hili bila maabara. La pili, kuna kijidudu cha toksoplazma ambacho kikimwingia panya humwondolea hofu hiyo. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 2000 kwamba panya wenye kijidudu hicho hawaiogopi harufu ya paka, wengine hata huivutikia. Na la tatu, ndilo kubwa kwako: protini ile ya mate ya paka ni mojawapo ya zile zinazowapa watu mzio. Usimletee mtoto wa pumu tatizo la pili ili kutibu la kwanza. Paka hai anayewinda nje, uani, ni jambo jingine. Chumbani kwa mtoto asiingie.

Chupa ya sokoni siinunui. Neno feromoni, yaani kemikali ambayo mnyama huitoa kuwapa wenzake ujumbe, ni halali, lilitungwa na wanasayansi mwaka 1959, lakini ukiangalia yote niliyokueleza, sehemu kubwa ya feromoni za panya huita. Huvuta majike, hutangaza mwenye eneo, huonyesha palipo salama. Wapo watafiti, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser kule Kanada, wanaozitumia kama chambo ndani ya mitego, na hiyo ina mantiki. Chupa ya "feromoni ya kufukuza" inayopuliziwa hewani, isiyo na lebo, ni maji yenye harufu na maneno matamu. Panya huuma na kupuliza. Huyu kijana kaanza na kupuliza.

Sasa mwanao. Protini ya mkojo wa kipanya ndiyo chanzo kikuu cha mzio utokanao na panya. Mzio huo ulijulikana kwanza kwa watu wanaofanya kazi kwenye maabara za wanyama: mtu anaanza kazi akiwa mzima, mwaka wa pili anapiga chafya, macho yanamwasha, wengine wanaishia kwenye pumu. Mimi mwenyewe, baada ya miaka ya kushika panya, siingii ghala lenye panya wengi bila barakoa. Nikisahau, usiku macho yananiwasha kama niliyekatakata vitunguu gunia zima. Baadaye ikaonekana majumbani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliopima vumbi kwenye nyumba za watoto wenye pumu maeneo ya katikati ya miji, ulikuta protini hiyo angalau kwenye chumba kimoja katika asilimia 95 ya nyumba. Na zile sifa zinazoifanya iwe barua nzuri kwa panya ndizo zinazoifanya iwe mbaya kwa mtoto: ni ndogo, ni ngumu kuharibika, inang'ang'ania vumbi. Mkojo ukikauka na kusagika, kila unapofagia unaipandisha hewani. Haihitaji panya awepo. Panya waliokufa mwaka jana wanaweza kuwa bado wanamkohoza mwanao mwaka huu.

Nasema "wanaweza", si "ndio". Stoo ya nafaka ina vumbi la pumba, ina ukungu, ina mende, na vyote hivyo huwasha vifua. Wala usingoje uhakika kamili ndipo umhamishe. Leo hii ukiweza, mlaze chumba ambacho hakipakani na stoo, na ziba mwanya wowote kati ya vyumba hivyo viwili, hasa juu ya ukuta pale dari inapopita moja kwa moja. Nyumba zetu nyingi dari ni moja, na panya wa stoo hukojoa juu ya kitanda bila mtu kujua.

Mpeleke kituo cha afya wiki hii, usingoje kampeni yako dhidi ya panya iishe. Mweleze daktari kuhusu panya waziwazi, kwa sababu watu huona aibu kulisema na daktari hawezi kulikisia. Kukohoa kila usiku ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa, na huenda anahitaji dawa ya kuvuta ya kila siku ya kutuliza uvimbe, si ile ya kufungua kifua tu akibanwa. Hospitali kubwa nyingine zinaweza kupima mzio kwenye ngozi. Na ukiona mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo inageuka rangi, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Ondoka naye saa hiyo hiyo.

Kazi ya kuosha usimpe mtoto, na yeye asiwepo nyumbani siku hiyo. Fungua milango na madirisha nusu saa kabla ya kuanza. Vaa glovu, barakoa, na viatu vya mpira. Nafaka itoke nje kwanza. Kisha, hili ndilo ambalo watu wengi hulikosea, usifagie pakavu. Lowesha. Changanya sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, mwagia kinyesi na zile alama ulizoziwekea chaki, acha angalau dakika 5, ndipo ufute kwa kitambaa na kukitupa. Jiki huivunjavunja protini yenyewe, pamba inachanika, harufu inakosa pa kukaa. Usiichanganye na dawa ya choo wala kitu kingine chochote, hutoa gesi ya kuua. Ukishasuuza, rudia kwa sabuni ya unga na brashi kwenye boriti zenye ule mstari mweusi. Ubao uliofyonza mkojo kwa miaka hautasafishika wote. Ukikauka upake rangi, na ukuta upige chokaa. Magunia yaliyokojolewa yabadilishwe, na mahindi yaoshwe kabla ya kusagwa.

Kulowesha huko hakumkingi mwanao tu. Mkojo wa panya hueneza leptospirosi, ambayo Watanzania tuliijua kwa jina la homa ya mgunda mwezi Julai 2022, ilipoua watu watatu wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Yeyote aliyeshiriki kuosha akipata homa, maumivu ya misuli au macho kuwa mekundu ndani ya wiki mbili tatu zinazofuata, aende hospitali na aseme alisafisha mkojo wa panya. Na ukikuta panya wanakufa wenyewe kwa wingi bila sumu, usiwaguse, mwite afisa afya wa kata. Kwenye maeneo yenye historia ya tauni, kama Lushoto, viroboto wanaomkimbia panya aliyekufa ndio wanaoileta kwa watu.

Kuziba ndiko kazi kubwa iliko, ingawa hakuna cha ajabu cha kueleza. Tundu linalopitisha kalamu linampitisha kipanya mchanga. Jaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha saruji juu yake. Mlango uwe na bati chini. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, upate kumulika nyuma yake. Ukimudu kihenge cha chuma, hiyo ndiyo pesa isiyopotea. Mifuko ya kuzuia wadudu ni mizuri kwa wadudu, lakini panya huitoboa. Na kama mnyama unayemkuta shambani na stoo ni yule wa kahawia mwenye chuchu nyingi, panya shamba, peke yako hutamweza: jike mmoja ana chuchu hadi 24 na uzao wake ni wa kutisha. Zungumza na majirani mtege pamoja, na mwone afisa ugani. Ifakara iko mkoa wa Morogoro, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro mjini kina watu waliofanya kazi na panya miaka mingi. Ni pale pale wanapofundishwa panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu, kwa hiyo pua ya panya wanaijua.

Mtoto arudi lini kulala chumba kile? Baada ya kuosha na kuziba, chekecha majivu laini na uyatandaze kando ya ukuta, upana wa kiganja, stoo na darini. Usitumie unga, huo ni karamu. Kila asubuhi pita na tochi uangalie. Nyayo za kipanya ni kama vitobo vya uma, za mkubwa zinaonyesha vidole na pengine mstari wa mkia katikati. Ukiona nyayo, zifuate mpaka tundu ulilolisahau, liloweshe kwa jiki, lizibe, uanze kuhesabu upya. Zikipita asubuhi 14 mfululizo majivu yakiwa kama ulivyoyaacha jana, yafute kwa kitambaa kibichi, upige chumba chake deki mara mbili, godoro lipate jua la kutwa, ndipo arudi.